Nywele Zetu Zilizokwenda Kupimwa

Mgeni rasmi, wewe uliyeacha ofisi yenye kiyoyozi ukaja kusimama nasi kwenye harufu hii bila kuziba pua; viongozi mlioongozana naye; wenye vyombo vya uvuvi na wanunuzi wetu; na ninyi majirani mliojazana madirishani kusikia leo tutasema nini:

Karibuni sana. Mheshimiwa, angalia unapokanyaga, sakafu ni mpya lakini magamba ni yale yale. Ukifika nyumbani ukalikuta gamba moja limeganda kwenye mkono wa shati, usitukasirikie. Sisi tunayakuta kwenye mito ya kulalia na ndani ya madaftari ya watoto, na tumeshaacha kuuliza yamefikaje.

Tunaomba radhi mapema kwa jambo moja. Katikati ya risala hii msomaji wetu ataketi, atakunywa maji, kisha ataendelea. Tumemwekea alama kwenye karatasi mahali pa kufanya hivyo. Sababu utaijua kabla hatujamaliza.

SISI NI NANI

Sisi ni watu thelathini na saba, wanawake thelathini na nne na wanaume watatu. Wanaume hao tunawaita mashemeji, ingawa hakuna hata mmoja aliyeoa kwetu, nao wameshazoea. Kazi yetu ni kumpokea samaki anaposhushwa chomboni, kumpara magamba, kumpasua, kumtoa matumbo na matamvua, kumsuuza, na kumkabidhi kwa mwenyewe akiwa safi. Mama zetu waliifanya kazi hii wakiwa wamechuchumaa juu ya mawe, na wengi wetu tulimjua jodari tukiwa bado tumebebwa migongoni mwao.

Tuna meza kumi na mbili. Kila meza ina watu watatu, isipokuwa ya kwanza yenye wanne, kwa kuwa hapo ndipo anapokaa mwenyekiti wetu, tunayemwita Shangazi, naye hawezi kufanya kazi bila mtu wa ziada wa kumsikiliza.

Mheshimiwa, tuna desturi mbili ambazo hutazikuta kwenye katiba ya umoja wetu.

Ya kwanza ni ndoto. Asubuhi, kabla samaki wa kwanza hajaguswa, kila mmoja anasimulia alichoota. Asiyeota kitu hubeba barafu siku hiyo, kwa hiyo wapo wanaotunga, na tunawajua. Wakati huo jua limepanda kiasi cha kupenya kwenye lile bati la plastiki pale juu ya meza ya sita. Mwanga unashuka wa kijani, polepole, mpaka ukumbi wote unakuwa kama uko chini ya maji. Visu vimelala. Sauti moja baada ya nyingine inasimulia nyumba zisizo na milango, marehemu wanaouliza habari za nyumbani, samaki walioshapikwa wanaoshuka ngazi kurudi baharini, wametulia, hawana haraka. Wanunuzi hutupigia kelele, "Jamani, samaki anaharibika!" Nasi tunawajibu kwamba samaki ana barafu, ndoto haina.

Ya pili tunaiita sahani ya mama. Mwenzetu akishika mimba, meza zote zinamtengea ini la samaki mkubwa kuliko wote wa siku hiyo, pamoja na mnofu wa shingoni. Haliuzwi wala haligawanywi. Linafungwa kwenye mfuko safi, anakabidhiwa mkononi, na kila anayepita anamwambia, "Kula, mtoto awe na akili." Wote tuliozaa tukiwa kazini humu tumelila ini hilo, na mama zetu walilila walipokuwa na mimba zetu. Tunaomba uikumbuke desturi hii.

MAFANIKIO

Tunaishukuru serikali kwa ukumbi huu unaotuzindulia leo. Meza za saruji zilizokuwa zimepasuka zimebadilishwa, sasa tuna za chuma kisichoshika kutu. Maji yanatoka, na yanatoka muda wote. Mfereji una kifuniko. Siku ya kwanza tulipofungua mabomba yote kwa pamoja, mama wa meza ya nne aliketi chini akasikiliza tu, akatuambia tusimsemeshe.

Mafanikio mengine ni kwamba tumeshiriki katika utafiti. Miezi kumi na mmoja iliyopita alifika hapa binti mmoja kutoka ofisi yako, na sanduku la barafu begani. Jina lake alitutajia, lakini sisi tulimbatiza Dada wa Bahasha. Alikata vipande vya samaki, vikubwa kwa vidogo, akachukua na maini. Halafu akatuomba nywele.

"Nywele za nini tena, mwanangu?" Shangazi alimuuliza. "Unataka kuturoga?"

Dada alicheka mpaka akashika meza. "Shangazi, ningetaka kuroga mtu ningeanza na yule kuli aliyenimwagia maji ya samaki pale mlangoni."

Kisha akatueleza, na alitueleza vizuri, hakutufanya watoto. Alisema zipo metali nzito zinazoingia baharini na maji machafu ya viwanda na karakana, nyingine zinatoka mbali sana: zebaki, risasi, kadimiamu. Samaki mdogo anazipata kidogo. Mkubwa anakula wadogo wengi, na kile kilichomo ndani yao kinabaki kwake, mwaka baada ya mwaka, kwenye mnofu na kwenye ini. Kwa hiyo samaki anavyozidi kuwa mkubwa na mzee, ndivyo anavyokuwa amebeba zaidi. Mtu anayemla kila siku naye anabeba. Hazionekani kwa macho, hazina harufu, na moto wa jikoni hauziondoi. Lakini nywele, alisema, zinaweka kumbukumbu.

Alitukata kila mmoja kishungi kidogo kisogoni, akakitia kwenye bahasha yenye namba. Bahasha thelathini na saba. Shemeji mmoja ana kipara, alikatwa ndevu. Dada akasema majibu yatarudi baada ya miezi miwili, akapanda gari, tukampungia mikono yenye magamba.

Tunalihesabu hilo kuwa mafanikio kwa sababu wapo watu wanaokataa kupimwa. Sisi hatukukataa.

CHANGAMOTO

Tulipokaa kuandika sehemu hii tulipata changamoto kumi na moja, zikiwemo kitasa cha choo na paka wa ofisi ya juu. Katibu alizisoma kwa sauti, tukazisikiliza, tukamwambia azifute zote. Imebaki moja.

Majibu hayakurudi. Tuliandika barua tatu, na mara zote tatu tulijibiwa kwamba sampuli ziko kwenye mchakato. Hatukulijua neno hilo kwa namna hiyo, lakini tulilipokea, na ndoto zetu zikalipokea pia. Mwenzetu mmoja aliota amefika kwenye mchakato. Alisema ni chumba kirefu, cheupe, kina viti vingi na hakina mtu, na bahasha zetu zimepangwa ukutani kwa namba. Ndani ya bahasha nywele zilikuwa zinaendelea kukua. Zilishatokeza kwenye mikunjo, zinashuka ukutani taratibu, na yeye alikuwa anatafuta ya kwake ili aisuke. Siku ile hakuna aliyecheka, na samaki wa kwanza aliguswa tukiwa tumechelewa sana.

Mheshimiwa, kusubiri kuna namna yake ya kumtia mtu hofu. Tulianza kuwatazama samaki wakubwa kwa jicho la pembeni. Tulisimamisha sahani ya mama, ingawa wakati ule hapakuwa na mjamzito. Ndipo, mwezi wa tatu wa kusubiri, Shangazi alipokuja na sumaku.

Tunakuomba usitucheke, au kama ni lazima, ucheke sasa hivi umalize. Aliitoa kwenye spika ya redio mbovu, sumaku nzito ya duara. Alituambia, "Si wamesema ni metali? Metali si chuma? Basi hii haiwezi kuiacha." Tulimpangusa jodari mkubwa, tukampitishia sumaku kichwani hadi mkiani. Haikushika kitu. Tukampasua, tukaipitisha juu ya ini. Haikushika kitu. Tukaijaribu kwenye kisu, ikaking'ang'ania kisu. Tukarudi kwenye ini, tukashikilia pumzi sote thelathini na saba, na ini likatulia pale mezani, linang'aa, limenyamaza.

Tulipiga vigelegele vya kuvunja bati. Mashemeji walimbeba Shangazi juu juu. Kuanzia siku ile kila samaki mkubwa alipitishiwa sumaku, na tulikula tukiwa na amani mioyoni. Nani angetuambia kitu? Tulijiona tumemaliza kazi ya maabara.

Wiki chache baadaye mwenzetu wa meza ya tisa alituambia ana mimba. Tunamwita Chapchap kwa sababu ya kasi ya kisu chake. Ni mtoto wa kaka yake Shangazi, amelelewa na Shangazi tangu alipokuwa mdogo, na hii ni mimba yake ya kwanza baada ya miaka saba ya kungoja. Tulirudisha sahani ya mama siku ile ile. Kwa miezi sita, mheshimiwa, hakukosa ini hata siku moja. Shangazi alilipitishia sumaku mwenyewe, mara mbili, kisha akalifunga kwa mikono yake. Siku Chapchap aliposema ameshiba, Shangazi aliketi naye mpaka akamaliza.

Wiki tatu zilizopita Shangazi alikwenda kliniki kwa ajili ya presha yake. Akiwa anasubiri kipimo akamsimulia nesi, kwa kujivuna kabisa, jinsi tunavyompima samaki. Nesi aliweka kalamu chini. Hakumcheka.

"Mama," akamwambia, "zebaki haishikwi na sumaku. Hata risasi haishikwi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mama yangu. Kuna mjamzito huko kwenu?"

Shangazi alirudi kwa miguu ingawa ni mbali. Alipita kwenye meza zote akatuambia kwa sauti ya chini, moja baada ya nyingine, isipokuwa meza ya tisa. Nesi alikuwa amemweleza kwamba zebaki inapita kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto tumboni, na kwamba inachagua ubongo. Mtoto anaweza kuchelewa kusema, kuchelewa kushika vitu, kuchelewa kuelewa. Si wote, alisema. Inategemea kiasi, na kiasi chetu hatukijui.

Mama wa meza ya nne ana ganzi kwenye vidole tangu mwaka juzi, sasa anamshika samaki kwa kumtazama. Meza ya tano wana mjukuu wa miaka minne mwenye neno moja tu, "maji". Hatusemi ni zebaki. Huenda ni umri, huenda ni jambo lingine kabisa, na mjukuu ana macho ya mtu anayeelewa kila kitu. Tunasema hatujui, na kutojua huko ndiko kunakotunyima raha.

Kwa wiki hizi tatu tulimdanganya Chapchap. Tulimwambia samaki wakubwa wameadimika. Tulikuwa tunawaficha chini ya barafu akipita. Akatuuliza, "Jamani, mbona mmenitupa? Nimewakosea nini?" Tukageuza nyuso, tukasingizia moshi, na humu hamna moshi.

Jana tuliona haifai kumweleza mgeni jambo ambalo Chapchap mwenyewe hajaelezwa. Shangazi alijaribu, akashindwa. Basi katibu akampa Chapchap karatasi hizi, akazisoma akiwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kuanzia mwanzo hadi hapa. Akazipanga karatasi magotini. Kisha akamtazama Shangazi.

"Lakini lilikuwa tamu," akamwambia.

Shangazi alilia mpaka tukamwondoa kwenye visu. Chapchap akamfuta uso kwa kanga yake, akakunja karatasi, akasema, "Kesho nitaisoma mimi."

Mjamzito huyo, mgeni rasmi, ndiye anayekusomea sasa hivi.

(Msomaji aketi hapa. Anywe maji. Asiharakishwe.)

TAARIFA FUPI KUHUSU CHAKULA

Kamati ya mapokezi ya ofisi ya juu ilituletea jodari kwa ajili ya chakula chako cha mchana. Ni samaki mzuri mno, urefu wake ni kama mtoto wa darasa la tatu, na sote tunajua kwamba mgeni mkubwa hupewa samaki mkubwa. Tulimpara, tukampasua, halafu tukasimama tukamtazama. Hakuna aliyeweza kumpeleka jikoni.

Yuko kwenye barafu. Wewe utakula dagaa.

Tunajua kumwandalia mheshimiwa dagaa ni aibu, na kamati imeshatufokea. Ila nesi alituambia samaki wadogo wanaoishi muda mfupi ndio wenye nafuu, na ndio tunaompa msomaji wetu siku hizi. Tumewachambua mmoja mmoja kwa mikono yetu. Tunakuomba uwale ukijua kwamba tungekuwa hatukupendi, ungemkuta jodari mezani.

MAOMBI

Kwanza, tunaomba nywele zetu. Kama majibu yapo, tuletewe, hata yawe mabaya, hata yawe yameandikwa kwa lugha ngumu, tutatafuta wa kututafsiria. Kama zimepotea, tuambiwe zimepotea, tutakata nyingine. Tunaomba pia Dada wa Bahasha asiadhibiwe kwa ajili yetu. Alitueleza ukweli, na sisi ndio tuliouongezea sumaku.

Pili, tunaomba maji ya bahari yapimwe kuanzia kwenye ule mfereji mkubwa unaotoka karakana za juu, na samaki wapimwe mara kwa mara, na matokeo yabandikwe hapo mlangoni kwa Kiswahili chepesi: samaki yupi, mara ngapi kwa wiki, nani asile. Hatuombi uvuvi ufungwe. Tunaishi kwa samaki, na wavuvi ni waume zetu na kaka zetu. Tunaomba kujua cha kuwaambia wanaonunua, na cha kuwapa watoto wetu.

Ombi la tatu halikuwepo jana. Limeongezwa leo asubuhi, wakati wa ndoto.

Msomaji wetu hakuwa amesimulia ndoto kwa miezi mingi, maana mjamzito habebi barafu, hana sababu. Leo aliomba asimulie. Alisema aliota mtoto wake ameketi juu ya meza ya sita, kwenye ule mwanga wa kijani, mkubwa wa kutosha kuketi mwenyewe. Mtoto alikuwa anaongea. Anaongea na kuongea, midomo inakwenda, lakini sauti haimfikii. Alisogea, akainama, akaweka sikio. Mtoto hakuudhika. Alianza upya, taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Mama akaamka hajashika hata neno moja. Alipomaliza kutusimulia alituomba kisu kidogo, kile kikali, na bahasha.

Nesi alimwambia Shangazi kwamba nywele hukua kila mwezi kiasi cha upana wa ukucha wa kidole cha mwisho, na kila ukucha umeandika mwezi wake. Nywele alizokata Dada wa Bahasha ni za kabla ya mimba. Hizi za leo ni mpya. Msomaji wetu alijipimia mwenyewe kuanzia kwenye ngozi ya kichwa, kucha nane, mwezi kwa mwezi, na Shangazi ndiye aliyekata. Alikata sawa. Ndani ya sanduku letu dogo la barafu tumeweka pia kipande cha yule jodari wako na kipande cha ini lake.

Nesi amesema majibu yakija mapema kuna mengi ya kufanya. Mama anaweza kujua ale nini na anyonyeshe vipi. Mtoto anaweza kufuatiliwa kuanzia siku ya kwanza, macho yake, masikio yake, mikono yake, asaidiwe kabla hajachelewa. Amesema mwili una njia ya kuitoa sumu hii ukiacha kuongezewa, ila taratibu. Zimebaki wiki tano, labda sita.

Tunaomba uipokee bahasha hii kwa mkono wako mwenyewe. Tunajua una wasaidizi, na mmoja wao ameshatusogelea mara mbili kutuuliza kama tunakaribia kumaliza. Tunakaribia. Lakini zile za kwanza tulizikabidhi kwa gari la ofisi, tukalipungia mikono. Hii msomaji wetu atashuka nayo hapo ulipoketi, polepole kwa sababu ya hali yake, na atasimama mbele yako mkono wake umenyooshwa mpaka wa kwako uje.

Mheshimiwa, Mungu akurudishe salama kwa watu wa nyumbani kwako. Akupe usingizi mzito na ndoto za kusimulia. Awasafishie bahari wale walio ndani yake na sisi tulio kando yake. Atujalie kuyasikia majibu kabla hatujasikia kilio cha mtoto.

Ni sisi,
Umoja wa Wapara Samaki wa Meza Kumi na Mbili,
watu thelathini na saba, na mmoja aliye njiani.